Viatu vya Mpagazi

Mara ya kwanza Mukai Mulwa alipompiga picha mpagazi wa Karimaini, mpagazi alikuwa miguu mitupu. Hilo hakuwa na shaka nalo, kwa maana picha zilikuwamo kwenye kamera: mtu wa jiwe, mzigo kichwani, mguu wa kulia umetangulia, vidole vimetanuka kama vya mtu aliyezoea kukanyaga udongo tangu utoto. Aliporudi wiki iliyofuata kutafuta mwanga mzuri zaidi, alimkuta amevaa viatu.

Mukai alicheka peke yake. Kisha akachutama kutazama vizuri, na kicheko kikakatika.

Vilikuwa viatu vya wazi vya ngozi ya kahawia, mikanda miwili mbele na mmoja nyuma ya kisigino, vimeshonwa na mkono unaoijua kazi. Havikubandikwa kwa gundi. Vilikuwa vimevaliwa. Na hapo ndipo akili yake ilipokwama, kwa sababu jiwe haliinui mguu. Nyayo za yule mtu zilikuwa kitu kimoja na msingi aliosimama juu yake. Huyo aliyemvisha aliipitishia wapi soli?

Lilikuwa swali dogo tu, lakini Mukai alikuwa mtu wa kukoseshwa usingizi na maswali madogo.

Karimaini ni kijiji cha zamani juu ya kilima, magharibi ya Nairobi, mahali ambapo jiji linapanda mteremko polepole kwa magorofa yake na bado halijafika juu. Kule juu kuna kanisa la mawe, mierezi kadhaa mizee, nyumba za mabati yaliyoshika kutu, na kumbukumbu hiyo moja. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi waliotolewa kila upande wa nchi walipiga kambi hapo kabla ya kuanza safari ya kusini, wakibebea jeshi risasi na unga. Wengi hawakurudi. Miaka mingi baadaye wenyeji wakamchonga mtu mmoja kwa niaba ya wote.

Mukai hakuwa mtu wa vita wala wa historia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye chumba cha kazi huko Kilimani na jina zuri katika picha za harusi. Lakini rafiki yake Shiru, mwenye ukumbi wa maonyesho katikati ya jiji, alikuwa amemwomba picha za kumbukumbu za vita ambazo watu hupita bila kuzitazama. Hivyo ndivyo alivyofika kilimani. Sasa alitaka kujua habari za viatu.

"Jina silijui," alisema Mzee Kuria, aliyekuwa akipalilia maua ya kanisa. "Anakuja Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Anavua, anaosha miguu ya jiwe, anapaka ngozi mafuta, anavisha tena. Siku moja nilimuuliza kama ana wazimu."

"Akasemaje?"

"Akaniambia, bado."

*

Jumamosi Mukai alikuwa ameketi kwenye ngazi za kanisa, kamera shingoni, wakati mwanamume mmoja alipokuja akipanda njia ya nyuma na begi la turubai begani. Alikuwa mrefu, shati limekunjwa hadi kwenye viwiko. Hakutazama kushoto wala kulia. Alipiga goti mbele ya mpagazi, akatoa chupa ya maji na kitambaa, akaanza kazi yake kwa utulivu wa mama anayemwogesha mtoto aliyelala.

Mukai alikuwa amepiga picha za mabwana harusi wakipiga magoti mbele ya maelfu ya macho. Hakuwahi kumwona mtu akipiga goti namna hii. Alisahau hata kuinua kamera.

"Ukipiga," mwanamume alisema bila kugeuka, "usipige uso wangu."

"Sijapiga."

"Najua. Nimekuwa nikisikiliza."

Hapo akageuka. Macho yake yalikuwa na uchovu kidogo, na nyuma ya uchovu, kama taa iliyoachwa ikiwaka chumba cha ndani, kulikuwa na utani.

"Sasa?" alisema.

"Poa. Naweza kukuuliza kitu?"

"Kimoja."

"Aliinuaje mguu?"

Yule mwanamume alicheka hadi Mzee Kuria akainua kichwa kule kwenye maua. "Wote huuliza kwa nini. Wewe wa kwanza kuuliza vipi."

"Kwa nini nitauliza nikishajua vipi."

"Njoo basi."

Alimwonyesha. Chini hakukuwa na soli kamili, ila ukingo mwembamba wa ngozi ngumu uliokatwa sawasawa na umbo la wayo, ukazungushwa, ukaungwa nyuma kwa uzi usioonekana. Kwa juu ni kiatu, kwa chini ni jiwe lile lile. Ilimchukua majaribio mengi, alisema, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia. Mchongaji hakukosea, alichonga mtu.

Mukai alikuwa akisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya yule mwanamume. Vidole virefu, kovu la kisu kwenye gumba la kushoto, rangi ya viatu iliyoingia kuchani ikakataa kutoka.

"Umesema nisipige uso. Mikono je?"

Alisita. "Mikono haina neno," akasema, akarudi kufunga mkanda.

Mukai akapiga. Mara moja tu. Alijua hapo hapo kwamba hajawahi kupiga picha kama hiyo.

*

Jina lake lilikuwa Tobias Omollo. Kazi yake ilikuwa katika karakana ya hospitali moja Parklands, akitengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani: aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, aliyevunjika akaungwa vibaya, aliyekatwa vidole. Haya Mukai aliyajua siku hiyo hiyo, kwenye chai waliyokunywa chini ya kilima. Kwa nini, hakuambiwa. Akauliza tena walipokutana Kilimani, akaambiwa asubiri. Na Mukai, ambaye kusubiri hakukuwa fungu lake, alishangaa kugundua kwamba anakufurahia.

Siku moja Tobias alikuja kumtembelea kazini kwake. Mukai alikuwa ametoka kwenye harusi, amechoka, ameketi kwenye zulia na buti zake miguuni.

"Kisigino chako cha kushoto kimelika," Tobias alisema. "Unaegemea upande mmoja."

"Ni begi la kamera. Miaka saba nalibeba bega hilo hilo."

"Lete."

Mukai alidhani anataka buti. Lakini Tobias alichutama, akafungua kamba mwenyewe, akaushika wayo wake kwenye kiganja kama mtu anayepima uzito wa kitu asichotaka kukirudisha. Nje, mlinzi wa jengo alikuwa akibishana na mtu wa boda boda kuhusu kifurushi, na sauti zao zilionekana kutoka nchi nyingine.

"Tobias."

"Mm."

"Kwa nini unamvisha?"

Safari hii alijibu, akiwa bado ameushika mguu wake.

"Dani yangu, nyanya yangu, anaitwa Phoebe. Alilelewa na nyanya yake huko kwetu, kwenye vilima vya Seme. Yule nyanya wa zamani alikuwa mke wa mpagazi. Mumewe alichukuliwa akitoka shambani, hata viatu hana. Waliorudi walisema walimwona mara ya mwisho Nairobi, kambini, juu ya kilima. Basi. Yule mama alimngoja mpaka akazeeka. Dani anasema kila mgeni aliposimama mlangoni, nyanya yake alitazama miguu kwanza, halafu uso. Alidhani uso utakuwa umebadilika, lakini miguu ataijua."

Mukai alishusha sauti.

"Na Dani bado yuko?"

"Yuko. Anaishi na mama, Kileleshwa. Macho yamefifia, lakini akili ni kali kuliko yangu. Hajui kwamba kuna sanamu. Mama amenikataza kumwambia."

"Kwa nini?"

"Hiyo," Tobias alisema, akimvua buti ya pili, "muulize mama mwenyewe, ukiwa na ujasiri."

Aliondoka na buti. Siku mbili baadaye zilirudi na visigino vipya, na Mukai alitembea mjini siku nzima akijihisi kama amenyooshwa mgongo.

*

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu.

Mukai alikuwa amempa Shiru picha kumi na mbili za maonyesho, na ile ya mikono miongoni mwao. Hakumuuliza Tobias. Alijiambia kwamba mikono haina neno, mwenyewe alisema. Lakini Shiru hakuitundika ndani pamoja na nyingine. Aliichapisha kubwa, akaishusha mbele ya jengo kutoka orofa ya pili hadi juu ya mlango, na Mukai alipoiona kutoka ng'ambo ya barabara, mikono ya Tobias mikubwa kama milango miwili, ikifunga kiatu kwenye mguu wa jiwe, moyo wake uliruka kwa fahari. Watu walikuwa wanasimama. Watu wa Nairobi, wenye haraka zao, walikuwa wanasimama!

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Tobias aliuliza.

"Mjini. Tobias, njoo uone..."

"Nimeona. Mama amenitumia. Baki hapo."

Alifika akiwa bado na aproni ya karakana ndani ya koti. Hakumsalimu. Alisimama kando yake akatazama juu, na Mukai aliona taya lake likicheza.

"Uliniahidi."

"Niliahidi uso."

"Mukai, hii mikono ndiyo uso wangu. Mama aliona hili gumba akanijua kabla hajasoma neno lolote. Wanawake wa kanisani wakaijua hadithi kabla ya saa sita. Mzee Kuria ameongea na mtu, mtu ameongea na mtu. Sasa mwana wa shemasi Jacklyne anaabudu sanamu juu ya kilima. Wanamuuliza kama ameshindwa kunilea."

"Ulisema mikono haina neno!"

"Nilikwambia upige. Sikukwambia uibandike ukutani katikati ya jiji." Sauti yake ilishuka, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Mukai zaidi. "Ungeniuliza tu. Wewe unayeuliza kila kitu, hilo moja ukaliruka."

Mukai alijua kwa nini aliliruka. Aliogopa jibu.

Tobias akaenda zake, akapotea kati ya watu waliokuwa wakivuka barabara.

Mukai alipanda ngazi hadi kwa Shiru.

"Ishushe."

"Nini?"

"Ile ya mikono. Iondoe kabisa."

Shiru alivua miwani. "Mukai, hiyo picha ndiyo maonyesho yenyewe. Kesho kuna watu wanakuja kwa ajili yake. Kwa jina lako, unanisikia? Umengoja hii miaka mingapi?"

"Mingi. Ishushe, tafadhali."

"Ni kwa sababu ya mwanaume?"

Mukai alifikiri. "Ni kwa sababu haikuwa yangu kuitoa."

Walibishana mpaka chai ikapoa, lakini mwishowe Shiru aliita vijana wawili na ngazi. Mukai aliishika mwenyewe ilipokuwa ikiviringishwa. Jioni alimwandikia Tobias kwamba imeondolewa. Hakujibiwa. Jumatano jibu likaja, mstari mmoja: *Mama anataka kukuona. Jumapili, baada ya kanisa.*

*

Nyumba ilikuwa orofa ya tatu, Kileleshwa, sebule yenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa juu ya kila kiti. Mama Jacklyne alifungua mlango bado amevaa nguo za ibada. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwalimu maisha yake yote, na alimtazama Mukai kama anavyotazamwa mtoto aliyechelewa darasani.

"Karibu. Keti pale."

"Asante, Mama. Shikamoo." Mukai hakujua ni kwa nini alitumia salamu hiyo ya heshima asiyoitumia Nairobi. Ilimtoka.

Tobias alisimama dirishani. Macho yao yalikutana mara moja, yakaachana. Kwenye pembe, katika kiti chenye mito mingi, bibi mwembamba alikuwa ameegemeza kichwa, macho yamefumba, mkono umeshika rozari ya mbao.

"Amelala," Mama Jacklyne alisema, akishusha sauti. "Kwa hiyo tutaongea taratibu. Wewe ni wa wapi?"

"Kwetu ni Wote, Mama. Makueni."

"Mkamba."

"Ndiyo, Mama."

"Sina neno na Wakamba. Nina neno na mtu anayeingia katika nyumba ya watu na kamera. Unajua nilivyokua mimi? Nilikua katika nyumba iliyokuwa ikingoja. Mama yangu alirithi kungoja kutoka kwa nyanya yake kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Mbwa akibweka usiku, sisi watoto tuliamshwa. Mpaka leo mama yangu hafungi mlango wa nyuma akiwa kwao. Nikaapa kwamba wanangu hawatalishwa hicho chakula. Halafu huyu," akamwonyesha Tobias kwa kidevu, "naye akaanza. Nikanyamaza, kwa kuwa alifanya kimya kimya, na mama hakujua. Wewe ukaipeleka mjini."

"Nimeiondoa, Mama. Nimekuja nayo." Mukai aliweka mezani ile karatasi iliyoviringishwa. "Nilikosea. Sikumuuliza Tobias na sikukuuliza wewe. Sina la kujitetea."

Mama Jacklyne alionekana kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akaukuta wazi. Alikohoa.

"Na huyu mwanangu unamtaka nini?"

Tobias aliacha kutazama nje.

"Ninampenda," Mukai alisema. Aliishangaa sauti yake ilivyotoka bila kutetemeka. "Sijamwambia. Nilikuwa natafuta siku nzuri, na leo siyo."

Tobias alitoa pumzi iliyosikika sebule nzima. Na kabla mtu yeyote hajasema neno, sauti nyembamba ilitoka kwenye pembe.

"Ameipeleka nini mjini?"

Dani Phoebe alikuwa amefumbua macho. Yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini alikuwa ameyaelekeza sawasawa kwa Mukai.

"Hakuna kitu, Mama," Mama Jacklyne aliharakisha. "Lala."

"Jacklyne, macho yangu ndiyo yaliyokufa, masikio yako salama. Nimesikia ikingoja, nimesikia kamera, nimesikia mjini. Hamjasema jina la kitu chenyewe." Alinyoosha mkono. "Wewe binti. Ninakuuliza wewe. Umempiga nani picha?"

Mukai aliitazama ile karatasi. Jibu lilikuwa pale mezani, umbali wa mkono mmoja. Alikuwa na kiu ya kulitoa. Alitaka kuuona uso wa yule bibi, alitaka kujua nini kingetokea, alitaka kama alivyotaka kila kitu maishani mwake. Akaishika tamaa hiyo, akaikalia.

Akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, ukinikataza, sitasema neno. Nitaondoka nayo."

Mama Jacklyne alimtazama msichana huyu asiyemjua, kisha akamtazama mama yake, na uso wake ukapoteza ule ualimu wote, ukabaki uso wa mtoto aliyeamshwa usiku kwa sababu mbwa amebweka.

"Mwonyeshe," alinong'ona.

Wakaifungua juu ya zulia. Tobias alimsaidia Dani kushuka kitini, na bibi akaketi sakafuni katikati ya picha, akaigusa kwa kiganja kana kwamba karatasi ingempa joto.

"Naona rangi tu. Niambie."

Mukai alipiga magoti kando yake. "Ni mwanamume, Dani. Wa jiwe. Yuko juu ya kilima, hapa hapa Nairobi. Wameweka kwa ajili ya wapagazi waliopita hapo wakienda vitani."

"Ana mzigo?"

"Anao. Kichwani."

"Amechoka?"

Mukai alizikumbuka zile picha zote alizopiga, na saa zote alizokaa akimtazama. "Amechoka. Shingo imeshuka kidogo upande mmoja. Lakini anatembea."

"Na haya mawili makubwa ni nini?"

"Ni mikono ya Tobias. Anamvisha viatu."

Dani Phoebe aliipapasa mikono ile kwenye karatasi. Mama Jacklyne alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Kisha bibi akamtafuta mjukuu wake kwa mkono, akapata mguu wa suruali yake, akaushika.

"Miaka mingapi unafanya hivi?"

"Minne, Dani."

"Na mimi nimekaa hapa nakula mkate." Akamgeukia binti yake, na sauti haikuwa na ukali hata kidogo. "Jacklyne, ulidhani nitakufa nikijua? Mtu hafi kwa kujua, mwanangu. Nipelekeni."

*

Walimpeleka Jumamosi. Gari lilifika hadi mlangoni mwa kanisa, na kutoka hapo Tobias na mama yake walimshika huku na huku. Mukai alitembea nyuma, kamera imo ndani ya begi, zipu imefungwa. Tobias alikuwa amempigia simu kila siku ya wiki ile, lakini walizungumza habari za gari, na kiti, na dawa za Dani. Lile neno alilolisema Mukai sebuleni lilikuwa bado liko hewani, hakuna aliyelishusha.

Dani alifika mbele ya mpagazi akaomba aachwe asimame mwenyewe. Akamgusa goti, paja, akapandisha mkono mpaka alipoweza kufika, kifuani. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha msichana.

"Mfupi! Nyanya alisema alikuwa mrefu kama mlango wa kanisa. Kumbe mapenzi ndiyo marefu!"

"Huenda si yeye, Dani," Tobias alisema taratibu. "Ni wa wote."

"Najua ni wa wote. Basi na wangu yumo." Akaliegemeza paji la uso kwenye jiwe, akamwamkia babu yake kwa Kijaluo, kama mtu anavyomwamkia mzee aliyemkuta uani asubuhi. "*Oyawore, kwara.*"

Mama Jacklyne alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma, mikono imekunjwa, na Mukai alidhani ataendelea kusimama hivyo. Lakini alisogea. Alivua leso yake ya kichwani, akapangusa vumbi lililokuwa kwenye mkono wa mpagazi, mara moja, kwa haraka, kama anayepangusa meza kabla ya wageni.

Tobias alikuja akasimama karibu na Mukai. Kati ya mabega yao kulikuwa na nafasi ya kupitisha karatasi tu.

"Ulisema unatafuta siku nzuri," alisema.

"Nilisema."

"Hii je?"

"Hii ni ya Dani."

"Ana nafasi. Muulize." Akamtazama, na ule utani uliokuwa umezimika tangu siku ile mjini ulikuwa umewaka tena. "Mukai, nilikasirika kwa sababu ile picha ilikuwa nzuri. Niliitazama nikajiona jinsi unavyoniona. Nikaogopa. Sikukwambia hilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Mukai alimpiga kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu, na Tobias akaidaka ile ngumi, akabaki nayo.

"Yule binti wa picha yuko wapi?" Dani aliita. "Au leo hapigi?"

"Nipo, Dani. Nilikuwa nangoja kuambiwa."

"Umeambiwa. Piga, na nyuso zetu zote zionekane. Jacklyne, vaa leso yako, nywele zimesimama."

Mukai akafungua zipu. Aliwapanga kwa upole: Dani katikati, mkono kwenye jiwe, Tobias kushoto, Mama Jacklyne kulia akinyoosha blauzi ambayo haikuwa na mkunjo. Akawapiga mara moja, akawapiga mara nyingi. Alipomaliza na kuinua kichwa, Mama Jacklyne alikuwa anamjia, simu mkononi, miwani ya kusomea imeshushwa puani.

"Binti."

"Ndiyo, Mama."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko, Mama. Yuko nyumbani, Wote."

"Anaitwa nani?"

"Kaindi."

Mama Jacklyne aliandika herufi moja moja kwa kidole cha shahada, kama anayesahihisha mtihani. "Nipe namba yake. Haya mambo yenu ya kupendana kwenye vilima mimi siyawezi. Nitaongea na mwanamke mwenzangu."

Mukai alimtazama Tobias. Tobias alikuwa ametazama angani kwa bidii kubwa, na Dani Phoebe alikuwa akicheka tena, mgongo umeegemea mtu wa jiwe.

Kule Wote, Kaindi Mulwa pengine alikuwa akianua nguo saa hiyo. Hakuwa amesikia hata herufi moja ya jina la Tobias Omollo, wala la kilima, wala la shemasi wa Kileleshwa mwenye simu mkononi. Na alikuwa na maoni yake kuhusu mtu ambaye bintiye angemleta nyumbani, maoni mengi, aliyokuwa ameyatunza kwa miaka.

"Sifuri saba," Mukai alianza, akakosea, akaanza upya.